Saa ya Mkataba na Saa ya Msitu

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa watafiti chipukizi wa ikolojia. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa. Picha za kwenye skrini nimeziacha. Zilikuwa za miche, na miche yangu, kama mtakavyosikia, haikuwa na la kuonyesha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, wenzangu wa uwandani, na ninyi vijana mliosongamana huko nyuma karibu na mlango kana kwamba mko tayari kukimbia: asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie "changamoto za taaluma yetu". Neno hilo sina ugomvi nalo, ila limegeuka shuka la kufunikia kila kitu. Mtu akikaa miezi minne bila mshahara, changamoto. Makala ikikataliwa mara tano, changamoto. Binti akitishwa na kiongozi wake kambini, changamoto. Leo naomba tulifunue shuka hilo, tuyaite mambo kwa majina yake.

Kwanza naomba mikono. Nani hapa mkataba wake unaisha ndani ya miezi kumi na minane? Inueni juu, msioneane haya. Tazameni kushoto na kulia. Haya, shusheni. Sasa, nani hapa anachunguza jambo ambalo viumbe wenyewe wanaweza kulijibu ndani ya miezi kumi na minane? Naona mikono mitatu. Na mmoja wenu namfahamu, anachunguza bakteria.

Hapo ndipo ilipo hotuba yangu yote. Sisi tunaishi kwa saa mbili. Iko saa ya mkataba: uzamivu miaka mitatu au minne, kazi ya baada ya uzamivu mwaka mmoja, labda miwili, ruzuku miaka mitatu na ripoti kila baada ya miezi sita. Na iko saa ya msitu, ya ziwa, ya mwamba wa pwani. Mti unaozaa mbegu kwa wingi mwaka mmoja kisha ukanyamaza miaka kadhaa. Ukame unaokuja siku unayotaka ukame wenyewe, si siku uliyoiandika kwenye fomu. Wahenga walizijua saa hizi mbili. Walisema haraka haraka haina baraka, na wakasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Watu husema methali hizi zinapingana. Mwanaikolojia anajua hazipingani: asubuhi akiwa kwenye ploti zake, vile vipande vya ardhi anavyovipima mwaka hadi mwaka, anaishi ile ya kwanza, jioni akifungua barua pepe anaishi ile ya pili.

Niwape hesabu ndogo. Mwaka 1963, katika bonde la Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire huko Marekani, kikundi cha watafiti wakiwamo Gene Likens na Herbert Bormann walianza kupima maji yanayoingia na kutoka katika vijito vya msituni. Kupima maji, basi. Mvua ikinyesha wanaikinga, wanaipima. Wakakuta mvua ile ina tindikali kuliko inavyopaswa. Je, dunia ilishtuka kesho yake? Haikushtuka. Walilazimika kupima tena, na tena, na tena, mpaka mtu asiweze kusema ni bahati mbaya ya mwaka mmoja. Marekebisho ya sheria ya hewa safi ya Marekani, yaliyolenga waziwazi mvua ya tindikali, yalipitishwa mwaka 1990. Kutoka 1963 hadi 1990 ni miaka 27. Mikataba ya miaka mitatu mingapi hiyo? Tisa. Mikataba tisa! Sasa niambieni, katika mkataba wa pili, kwenye ripoti ya mwisho, pale palipoandikwa "matokeo makuu", ungeandika nini? "Tumeendelea kukinga mvua."

Mfano mwingine. Huko Cedar Creek, Minnesota, David Tilman na wenzake walianzisha ploti za nyasi mwaka 1982 ili kuona mbolea ya nitrojeni inafanya nini kwa mimea. Ukame mkali ukapiga mwaka 1987 na 1988. Hakuna aliyeupanga. Lakini kwa kuwa ploti zilikuwa zimeshawekwa, na zilikuwa zimeshapimwa kabla ya ukame, waliweza kuonyesha kwamba ploti zenye spishi nyingi ziliustahimili ukame vizuri kuliko zenye spishi chache. Makala ilitoka mwaka 1994 na bado watu wanabishana nayo, jambo ambalo ni heshima. Mimi sijawahi kuona fomu ya ruzuku yenye kisanduku cha kuandika ukame utakuja lini.

Sasa nije kwangu, ambako hakuna sifa nyingi.

Nilipomaliza uzamivu nilipata fedha za miaka miwili kufuatilia miche ya miti ya kivulini. Nikafunga vibao vya alumini kwenye miche elfu moja na ushee, kimoja kimoja, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope. Mwaka wa kwanza nikapima. Mwaka wa pili nikarudi kupima. Ndugu zangu, miche mingi haikuwa imeongeza hata jani. Ilikuwa imekaa tu, inanitazama. Miti ya aina ile inaweza kungoja kivulini miaka na miaka mpaka mti mkubwa juu yake uanguke na mwanga uingie. Kungoja ndiyo kazi yake. Nikaandika ripoti ya mwisho ya kurasa arobaini kuhusu miche isiyofanya kitu. Mfadhili akauliza, matokeo yako wapi? Nikamjibu, hayo ndiyo matokeo. Hakunipa tena.

Miaka saba baadaye dhoruba iliangusha mti mmoja mkubwa katikati ya ploti yangu ya nne. Nilipigiwa simu na mzee aliyekuwa akinisaidia kutambua miti, mtu ambaye anaijua kwa gome na harufu na hajawahi kufungua kitabu changu hata kimoja. Wakati huo sikuwa na mkataba wowote. Nilikwenda kwa nauli yangu. Vibao vilikuwepo. Na miche ile iliyonitia aibu ilikuwa imechomoka, mingine imenipita kichwa. Data za miaka miwili zilizoonekana hazina maana ndizo zilizoniwezesha kusema ipi ilikuwa wapi kabla mwanga haujaja. Makala iliyotokana na ploti ile ndiyo iliyonipa kazi niliyonayo.

Hapa mzungumzaji wa kawaida angewaambia mvumilivu hula mbivu. Sitawaambia hivyo. Methali ile haisemi nani anamlisha mvumilivu wakati tunda bado bichi. Mimi nililishwa na mwenzangu wa nyumbani aliyekuwa na mshahara. Kama asingekuwa nao, ningekuwa nimeondoka mwaka wa tatu, na ule mti ungeanguka bila shahidi. Wangapi waliondoka? Hatuwahesabu, kwa sababu hawaji kwenye mikutano kama huu kutoa hotuba.

Kwa hiyo nini kifanyike? Nasema kwa upande wa vijana kwanza, kisha nitawageukia wazee, wasijifiche.

Kijana, usiingie msituni na swali moja. Ingia na maswali mawili: la msitu, na la mfukoni. Swali la mfukoni ni lile linaloweza kujibiwa kwa msimu mmoja, dogo, lenye jibu hata kama jibu ni hapana. Hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba. Mimi sikuwa nalo. Nilidhani swali dogo ni dhambi.

Na tafuta mahali ambapo mtu mwingine ameshangoja kwa niaba yako. Charles Elton wa Oxford alipotaka kujua idadi ya paka-mwitu wa Kanada wanaoitwa linksi inavyopanda na kushuka, hakuketi theluji miaka mia. Alichukua vitabu vya biashara vya Hudson's Bay Company, ambamo ngozi zilizonunuliwa zilikuwa zimehesabiwa mwaka hadi mwaka kwa zaidi ya karne moja, na mwaka 1942 yeye na Mary Nicholson wakachapisha mzunguko wa karibu miaka kumi uliokuwa umejificha humo. Waandishi wa vitabu vile hawakuwa wanaikolojia. Walikuwa makarani. Kuna makabati ya mimea iliyokaushwa, kuna madaftari ya wavuvi, kuna ploti zilizoachwa na watu waliostaafu. Kurithi ploti si kukosa ubunifu. Ploti yenye miaka thelathini ni mali, na aliyeianzisha mara nyingi anatafuta kwa siri mtu wa kumwachia.

Ila ukirithi, au ukirithisha, andikeni! Nilifungua faili langu la zamani nikakuta safu inayoitwa "ur2". Ni urefu wa pili? Ni upana wa rula? Mwandishi wa safu ile ni mimi mwenyewe, na nilishindwa kumwelewa. Siku tatu nilizipoteza nikimtafuta mtu niliyekuwa.

Jambo la pili ni kukataliwa.

Kila mmoja wenu aliyewahi kuchora piramidi ya nishati, mimea chini, walao nyasi juu yake, walao nyama kileleni, ana deni kwa Raymond Lindeman. Kijana huyu alitumia karibu miaka mitano kwenye ziwa dogo la matope la Cedar Bog, Minnesota, akihesabu nani anakula nini. Kisha akaandika makala iliyosema: acheni kuhesabu viumbe peke yao, fuateni nishati inavyopita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Akaipeleka kwenye jarida la Ecology. Wahakiki wawili, wataalamu wakubwa wa maziwa, wakasema ikataliwe. Nadharia nyingi mno, data chache mno.

Msiwacheke. Mmoja wao, Chancey Juday, alikuwa ametumia maisha yake kupima maziwa kwa mamia huko Wisconsin. Mtu aliyepima maziwa mamia anapoletewa nadharia ya ulimwengu mzima kutoka kwenye dimbwi moja, ana haki ya kukunja uso. Hata mimi ningekunja.

Kilichoiokoa makala ile si uvumilivu wa Lindeman. Alikuwa mgonjwa, na muda hakuwa nao. Kilichoiokoa ni barua. G. Evelyn Hutchinson wa Yale, aliyekuwa amempokea Lindeman, alimwandikia mhariri akiitetea, na mhariri, Thomas Park, akaamua kuichapisha licha ya wahakiki wake. Lindeman alifariki Juni 1942 akiwa na miaka 26. Makala ikatoka Oktoba.

Hadithi hii husimuliwa kwa vijana ili wasikate tamaa. Mimi nadhani imekuwa ikisimuliwa kwa watu wasiohusika. Inawahusu ninyi mliokaa mbele. Ndiyo, ninyi walimu wangu. Swali si kwamba Lindeman alivumilia kiasi gani. Swali ni: wangapi walikuwa na makala kama ile na hawakuwa na Hutchinson? Barua moja, ukurasa mmoja au miwili, kutoka kwa mtu ambaye jina lake linafunguliwa bahasha kwanza. Mmeandika ngapi mwaka huu? Na mmewaandikia nani, waliosoma mlikosoma ninyi, au hata yule mliyemsikia leo asubuhi kwenye chumba kidogo kule ghorofani akizungumza mbele ya viti vitupu?

Kuhusu vipimo vya taaluma nitapita haraka, kwa sababu tumevilalamikia mpaka vimezoea. Ile namba ya h, inayopima makala zako zinanukuliwa kiasi gani, ambayo wengine wenu mnaiangalia kabla ya kupiga mswaki, ilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia, Jorge Hirsch. Fizikia ina desturi zake za kunukuu, sisi tuna zetu, na namba haijui tofauti. Mtu anayechunguza konokono wa nchi kavu atanukuliwa na wale watu kumi na tano duniani wanaochunguza konokono wa nchi kavu. Hilo halimfanyi kuwa mtafiti mdogo. Linamfanya kuwa mtafiti wa konokono.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nililifikiria usiku kama nilitaje au nisilitaje.

Kazi yetu inafanyika mbali. Mbali na nyumbani, mbali na barabara, mara nyingine mbali na mtandao wa simu. Tunajivunia umbali huo, tunausimulia. Lakini umbali una mwenyewe. Kambini, mwenye fedha za mradi ndiye mwenye gari, ndiye mwenye barua yako ya mapendekezo, ndiye anayeamua nani anarudi mjini na lini.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa dodoso uliojibiwa na watafiti 666 wa taaluma mbalimbali zinazofanya kazi uwandani, si ikolojia peke yake. Asilimia 64 walisema wamekutana na maneno ya kunyanyasa kijinsia wakiwa kazini huko. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano walisema wameguswa au kushambuliwa kingono. Wanawake ndio walioumia zaidi, na wengi yaliwakuta wakiwa bado wanafunzi au ndio wanaanza. Waliojibu walijichagua wenyewe kujibu, najua, mtaalamu wa takwimu asininyooshee kidole. Hata ukikata namba hizo nusu, ungempeleka mwanao?

Nilikuwa msaidizi wa utafiti, kijana, kwenye kambi ambayo sitaitaja. Tulikuwa watu sita na gari moja. Ufunguo wa gari ulikaa mfukoni mwa kiongozi, mchana na usiku, na simu iliyokuwa ikipata mawimbi ilikaa hemani kwake. Mwenzetu mmoja alianza kula chakula chake haraka na kwenda kulala mapema. Kisha akaanza kuomba kupangiwa ploti za mbali, na mimi, mpumbavu, nikamsifu kwa bidii. Usiku mmoja alikuja kuniuliza kama inawezekana kutembea mpaka barabarani. Zilikuwa kilomita ishirini na sita. Nikamuuliza kwa nini. Hakujibu. Nikamwambia asubiri, gari litakwenda mjini Ijumaa.

Ilikuwa Jumapili.

Aliacha taaluma mwaka uleule. Alikuwa anajua ndege kwa sauti kuliko sisi sote. Watu walisema hakuwa imara. Sikusema kitu, kwa sababu nilihitaji barua ya mapendekezo.

Tangu niongoze kambi zangu mwenyewe, ufunguo wa pili wa gari hukaa kwa mtu asiye mimi, na kila mmoja anajua ni nani. Anayetaka kuondoka anaondoka, maelezo baadaye. Kanuni zinaandikwa na kusomwa kwa sauti kabla hatujatoka, pamoja na majina ya watu wawili wa kupokea malalamiko ambao hawako chini yangu wala si marafiki zangu. Inachukua dakika ishirini. Kuna mwenzangu aliniambia inaharibu moyo wa kambi. Moyo wa kambi! Nilimwambia kambi ambayo moyo wake unaharibika kwa kusomewa kanuni ulishaharibika.

Na kwa kuwa tuko kwenye mambo ya mfuko: acheni kuwaita watu "wa kujitolea" miezi sita mkiwalipa kwa uzoefu. Uzoefu hauliki. Tukifanya hivyo, tunachagua wanaikolojia kwa mifuko ya wazazi wao, kisha tunashangaa mbona wote wanafanana. Yule mzee wangu wa kutambua miti jina lake lilikuwa kwenye shukrani, mstari wa mwisho, makala tatu mfululizo. Kwenye ya nne yuko pamoja nasi kwenye orodha ya waandishi. Nilichelewa makala tatu.

Wenye familia mtaniuliza, na sisi? Niwape mfano mmoja, nao si dawa ya kila mtu. Katika miaka ya 1970, Jane Lubchenco na Bruce Menge, mke na mume, wote wanaikolojia wa mwambao, walikiambia Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon: nafasi hiyo moja ya uprofesa, igaweni mara mbili. Nusu yake, nusu yangu. Wapate muda wa kulea watoto, na kila mmoja abaki na njia yake ya kuelekea ajira ya kudumu. Chuo kikakubali. Walifanya kazi hivyo miaka mingi. Mwaka 2009 Lubchenco alikabidhiwa kuongoza NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Kwa hiyo mtu asije akawaambia nusu ajira ni nusu akili. Lakini tazameni pia kilichohitajika: wawili wenye fani moja, na mkuu mmoja ofisini aliyekuwa tayari kusema "tujaribu". Huyo wa tatu ndiye adimu.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi kwa sauti. Tunachokisoma kinakufa. Mwaka 2016, baada ya kuruka juu ya Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, na kuona yalivyopauka, mtafiti wa matumbawe Terry Hughes alieleza hadharani kwamba aliwaonyesha wanafunzi wake matokeo, kisha wakalia. Profesa, na wanafunzi, wakalia. Sina ushauri hapo. Nasema tu kwamba kama imekupata, si udhaifu wa kisayansi, na mzungumze mkiwa bado uwandani, msisubiri kila mtu afike kwake peke yake.

La mwisho, na najua ndilo mlilolijia. Kuondoka.

Hesabu hii haihitaji kompyuta. Profesa akilea wanafunzi kumi na wawili wa uzamivu mpaka anastaafu, anaacha kiti kimoja. Kumi na mmoja waende wapi? Na kwa nini tunawalea wote kumi na wawili kana kwamba wote watakikalia? Tuna neno letu baya: "ameacha sayansi." Nimelisema mimi, mmelisema ninyi. Mwanafunzi wangu mmoja yuko kwenye mamlaka ya maji. Anapima mto kila wiki, mwaka wa tisa huu, kwa mshahara unaoingia kila mwezi. Ana data ambazo mimi ningeziota tu. Nani hapo ameacha sayansi?

Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, aliishia shahada ya uzamili, kwa kuwa familia yake ilihitaji mshahara. Akaenda kufanya kazi katika ofisi ya uvuvi ya serikali, na mwaka 1962 alipoandika kuhusu viuatilifu, wanakemia wenye viti vyao walimsikia vizuri sana. Na yule Arthur Tansley aliyetupa neno "mfumo ikolojia" mwaka 1935, mnajua alikuwa amefanya nini kabla? Aliacha kazi yake Cambridge mwaka 1923 akiwa amezama katika saikolojia. Alikuwa amekwenda mpaka Vienna kuketi na Sigmund Freud. Akarudi kwenye mimea, Oxford wakampa uprofesa mwaka 1927. Kamati ya ajira ya leo ingeuliza pengo hilo kwenye wasifu wako ni la nini. Ningelipa kiingilio kulisikia jibu lake.

Mnaoondoka, ondokeni na madaftari yenu yakiwa yameandikwa vizuri, na mtuachie namba ya simu. Mnajua kupanga sampuli, mnajua takwimu, mnajua kuongoza watu wenye njaa kwenye mvua. Mnaobaki, wapigieni. Ile simu iliyonijulisha kwamba mti umeanguka haikutoka chuo kikuu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, ile ya kwanza. Nilikuwa na maneno kuhusu wahakiki wasiolipwa, basi niyameze. Dada uliyekaa kule nyuma, mwenye daftari la kijani: uliinua mkono nilipotaja ufunguo wa gari na mpaka sasa hujaushusha. Kipaza sauti kinakuja kwako. Chukua muda unaoutaka.